Rimu Kubwa Bila Kushusha Gari: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandikie mara moja: "Nataka niweke rimu kubwa gari lipendeze, lakini sitaki kulishusha, maana njia ya kwangu ina matuta na mashimo. Inawezekana?" Anauliza mwenye Vitz, anauliza mwenye Premio, na mwenye Forester anauliza zaidi ya wote.

Inawezekana. Tena kwa barabara zetu, kutoshusha ndiyo akili. Ule uwazi kati ya tairi na fenda, unaowakera wapenda urembo, ndio unaokuokoa gari likitumbukia shimoni likiwa na watu watano na gunia la mchele kwenye buti. Springi inajikunja, gurudumu linapanda, na ni lazima lipate pa kupandia. Ukubwa wa rimu wenyewe haukatazi kitu. Tatizo linaanza pale rimu mpya na tairi lake vinapoula uwazi huo bila mwenye gari kujua.

Rimu ikue, duara la nje libaki

Hapa ndipo wengi wanapotea. Ukiongeza rimu inchi moja, ubavu wa tairi unatakiwa upungue kwa kiasi hichohicho, ili kimo cha gurudumu zima kibaki karibu na kile cha kiwandani. Hesabu yake unaifanya kwa simu yako ukiwa umesimama dukani. Chukua tairi la 215/60R16, ambalo Forester nyingi za miaka ya 2002 hadi 2007 zilikuja nalo:

1. Upana ni milimita 215. Ubavu ni asilimia 60 ya upana: 215 × 0.60 = milimita 129.
2. Ubavu upo juu na chini, kwa hiyo zidisha kwa mbili: 258.
3. Rimu ni inchi 16. Zidisha kwa 25.4: milimita 406.
4. Jumlisha: kimo cha gurudumu zima ni milimita 664.

Sasa linganisha na yale utakayoonyeshwa dukani:

- 215/55R17: ubavu 118, kimo 668. Salama kabisa.
- 225/45R18: ubavu 101, kimo 660. Kimo kinafaa, lakini mpira umebaki kidogo.
- 225/55R18: ubavu 124, kimo 705. Hili kwa gari hilo liache.

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza watu. Ni tairi zuri, lina ubavu wa kutosha, na mara nyingi ndilo lililopo stoo, kwa hiyo muuzaji atakwambia "linaingia tu". Lakini limezidi la kiwandani kwa milimita 41, ambazo nusu yake, sentimita mbili, inapanda juu kuelekea kwenye fenda na kwenye kiti cha springi.

Kwa gari dogo la 175/65R14, kimo ni 583. Ukienda inchi 15, tafuta 185/55R15, ambalo kimo chake ni 584 au 585. Ukienda inchi 16 itabidi ufunge kitu kama 195/45R16, na ubavu unabaki milimita 88.

Mafundi wengi wanaruhusu tofauti ya asilimia tatu juu au chini. Mimi naomba usizidi mbili kwa kwenda juu. Sababu yake nitaieleza mbele, maana ilinigharimu.

Sentimita kumi za mpira

Nina kanuni yangu, na sijutii kuwa mkali nayo: gari la kutembea kila siku kwenye barabara zetu lisiwe na ubavu wa tairi chini ya milimita 100. Mpira ule ndio mto unaopokea pigo kabla halijafika kwenye rimu. Ukishuka chini ya hapo, shimo moja la usiku, limejaa maji hulioni, linapinda rimu au linakata nyuzi za ndani ya tairi. Kesho yake unaona uvimbe ubavuni kama jipu. Tairi lenye uvimbe huo halizibiki, linatupwa.

Ndiyo maana jibu langu kwa wenye magari madogo ya rimu 14 ni 15, basi. Kwa Forester na magari ya kimo chake ni 17, na 18 kwa yule tu anayetembea lami muda wote. Najua 15 haisisimui ukiwa umezoea kutazama picha za magari ya Japani. Ila magari yale yanatembea kwenye lami ya Japani.

Soma gari kabla ya kusoma rimu

Kabla hujaenda kwenye maduka ya rimu ya Ilala au Kirinyaga Road, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo au ukingo wa mlango kuna karatasi ya kiwandani yenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Magari yaliyotoka Japani yameandikwa Kijapani, lakini namba zinasomeka. Upepo umeandikwa kwa kPa: 220 ni takriban psi 32, na 240 ni takriban psi 35. Piga picha. Usiamini saizi iliyo kwenye tairi ulilokuta limefungwa, maana mwenye gari aliyetangulia anaweza kuwa alibadilisha.

Kisha pima springi. Simamisha gari tupu mahali tambarare, chukua futi kamba, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, na uandike. Kulia na kushoto vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, au nyuma kumelala, springi zimechoka. Gari la miaka kumi na tano lililobeba mizigo linakuwa limejishusha lenyewe. Ukilifunga rimu kubwa katika hali hiyo litagusa, utalaumu rimu, na kosa ni la springi na shokapu. Anza na hizo. Kama fedha haitoshi vyote viwili, rimu zisubiri.

Namba nne za rimu

Muuzaji atakuonyesha mng'ao. Wewe geuza rimu, tazama mgongoni.

*PCD.* Ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara linalopita katikati yake. Vitz nyingi ni 4×100. Forester za enzi ile ni 5×100. Magari mengi makubwa kiasi ya Kijapani ni 5×114.3. Rimu za magari ya Ulaya za 5×112 zinaweza kuonekana zinaelekea kuingia, na kuna fundi atakayezilazimisha kwa kukaza nati. Usikubali. Nati inakaa upande, stadi inavutwa kila gurudumu linapozunguka, na siku moja inakatika.

*Upana, wenye herufi J.* Kama ya kiwandani ni 6.5J, unaweza kwenda 7J au 7.5J. Kumbuka kila nusu inchi inaongeza milimita 6 nje na 6 ndani. Ya ndani ndiyo inayosahaulika, na huko ndani kuna shokapu, bomba la breki na waya wa ABS.

*ET.* Inaonyesha rimu imeingia ndani au imetoka nje kiasi gani. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Kutoka ET48 kwenda ET38, kwa rimu ya upana uleule, ni sentimita moja nje. Hapa ndipo penye siri ya wale wanaotaka gari lipendeze bila kushushwa: ujaze fenda kwa pembeni, milimita tano hadi kumi, badala ya kuijaza kwa juu. Gari linasimama kwa upana, limetulia, na springi haijaguswa. Ukizidisha, beringi za magurudumu zinabeba mzigo usio wake, stelingi inavuta kwenye mashimo, na tope linapakwa mlangoni kila mvua ikinyesha.

*Tundu la katikati.* Toyota ndogo zina habu ya milimita 54.1, Subaru za 5×100 zina 56.1. Rimu za dukani huwa na tundu kubwa zaidi ili ziingie magari mengi. Dai ringi za kujazia uwazi huo, za saizi ya gari lako. Bei yake ni ndogo, na zisipokuwepo gari linaweza kutetemeka ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa, halafu unazunguka gereji kwa gereji ukifanya balansi isiyoisha.

Tazama pia kama kuna muhuri wa JWL, ambao ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi. Kama rimu ni za mtumba, omba zizungushwe kwenye mashine ya balansi kabla hujalipa, zikiwa hazina tairi, na uangalie kingo zote mbili. Ukiona alama ya kuchomelewa, hata kama imepakwa rangi vizuri, weka chini uondoke.

Tairi nalo lina namba zake

Baada ya saizi kuna namba kama 91V au 95H. Herufi ni ya mwendo. Namba ni ya uzito ambao tairi moja linabeba: 91 ni kilo 615, 94 ni kilo 670, 95 ni kilo 690. Tairi la 215/60R16 kwa kawaida ni 95. Ukienda 225/45R18 unaweza kupewa la 91. Umepoteza kilo 75 kwa kila tairi, kilo 300 kwa gari zima, na wala hakuna aliyekwambia. Kama unabeba abiria au mzigo, tafuta saizi hiyohiyo iliyoandikwa XL, yenye namba isiyo chini ya ile ya kiwandani, na ulijaze upepo zaidi kidogo, maana tairi la XL linahitaji upepo zaidi ili libebe uzito uleule.

Angalia na umri. Mwisho wa mstari wa DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linalong'aa kwa dawa linaweza kuwa limekaa juani miaka saba.

Siku ya kufunga

Usilipe fedha zote, wala usiruhusu tairi zote nne zifungwe kwenye rimu kwanza. Tairi likishafungwa na kutembea, hakuna muuzaji atakayelipokea. Mwombe afunge mawili, moja la mbele na moja la nyuma, kisha fuata hatua hizi:

1. Jeki ikiwa bado imenyanyua gari, zungusha gurudumu kwa mkono. Sikiliza kama mikono ya rimu inapita karibu na kalipa ya breki. Nataka uwazi wa milimita tatu au zaidi.
2. Ingiza kidole kati ya tairi na shokapu, kwa ndani. Kidole kisipopita, rimu hiyo si ya gari lako.
3. Shusha jeki. Kata stelingi hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Tazama plastiki ya ndani ya fenda kwa mbele, na kule nyuma karibu na mlango.
4. Paka chaki ukingo wa ndani wa fenda na bega la tairi.
5. Pakia gari. Watu watano, na mzigo kwenye buti. Si kesho, ni hapohapo. Vijana wa gereji wapo, waombe wapande.
6. Endesha taratibu juu ya tuta, kisha uliingie kwa pembeni, gurudumu moja kwanza, stelingi ikiwa imekatwa. Rudi usome chaki.

Hatua ya tano ndiyo niliyoiruka. Nilifunga 225/50R18 kwenye Forester, kimo milimita 682, chini ya ile asilimia tatu inayosifiwa, na rimu za ET ndogo kuliko za kiwandani. Pale gereji, gari likiwa tupu, vidole viwili vilipita vizuri kati ya tairi na fenda. Fundi akanipa mkono. Ijumaa ile nikapakia familia na mizigo kwenda Tanga. Kwenye tuta la kwanza baada ya Kibaha nikasikia mkwaruzo mzito, kama gunia linapasuliwa, na harufu ya mpira ikaingia ndani. Nilisimama Mlandizi. Bega la tairi la nyuma kulia lilikuwa na mstari unaong'aa, upana wa kidole, na juu ya ukingo wa fenda mpira umejiviringa vipande vidogovidogo, kama mabaki ya kifutio cha mwanafunzi kwenye daftari. Nilipitisha ukucha kwenye ule mstari nikagusa mwanzo wa nyuzi. Watoto walikuwa wamekaa upande uleule. Mizigo ilikwenda kwa basi, nasi tukaenda polepole hadi Chalinze tukitafuta tairi la kununua. Tangu hapo sijamfungia mtu rimu bila kumpakilia gari kwanza.

Likigusa ufanye nini

Inategemea limegusa wapi.

- *Plastiki ya ndani ya fenda au madigadi.* Hili lina dawa. Plastiki inapashwa moto kidogo na kusukumwa nyuma, au inakatwa kipande na kubanwa upya.
- *Ukingo wa chuma wa fenda.* Fundi atasema aukunje. Kwa uzuri unakunjika, lakini rangi ikipasuka pale pasipoonekana, kutu inaanza kazi. Ukiwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumvi ya bahari haikupi hata mwaka. Mimi ningebadilisha tairi liwe jembamba zaidi kwanza.
- *Kiti cha springi au shokapu.* Hapa hakuna mjadala. Toa.

Kuna fundi atakayekupendekezea raba za kubana katikati ya springi ili gari linyanyuke na tairi lisiguse. Zinanyanyua, kweli. Pia zinaifanya springi iwe ngumu na kuzibana pete zake mahali pamoja, ambapo ndipo inapokuja kukatikia. Usitibu rimu isiyofaa kwa kuharibu springi inayofaa.

Maswali yanayofuata daima

*"Spidomita itadanganya?"* Ukifuata kimo cha kiwandani, hapana. Ukifunga lile la 705, spidomita ikisoma 50 wewe unatembea karibu 53. Trafiki mwenye tochi hasomi dashibodi yako.

*"Mafuta je?"* Rimu kubwa na tairi pana kwa kawaida ni nzito, na uzito wa gurudumu unasikika kuliko uzito wa buti, maana unauzungusha na kuusimamisha kila wakati. Pima kwa mizani rimu ya zamani na mpya. Zikizidiana kilo tatu kwa kila moja, utalisikia gari limepoa kwenye kuondoka na breki zimechelewa kidogo. Gari la injini ndogo linaumia zaidi.

*"Spesa ya kusukuma gurudumu nje?"* Kama umechagua ET sawasawa, huihitaji. Ukilazimika, hesabu mizunguko ya nati kwenye stadi: kwa Toyota isipungue minane, kwa Subaru kumi. Isipofika, hiyo spesa hapana.

*"Nati za zamani zitafaa?"* Huenda zisifae. Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani zina nati za kitako bapa, na rimu za dukani nyingi zinataka nati za koni. Ukifunga bapa kwenye tundu la koni, inagusa sehemu ndogo tu na italegea. Halafu usichanganye: Toyota ni uzi wa 1.5, Subaru na Nissan ni 1.25. Nati ya moja inaingia mzunguko mmoja au miwili kwenye stadi ya nyingine, kisha mwenye bunduki ya upepo anakandamiza, na stadi imekufa. Anza kila nati kwa vidole.

*"Gari langu ni la magurudumu manne kuvuta."* Basi matairi yote manne yawe saizi moja, aina moja na uchakavu mmoja. Mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma yanailazimisha difu ya katikati ifanye kazi muda wote, na kuitengeneza kunazidi bei ya matairi manne. Spea nayo iwe ya kimo hichohicho.

Wiki ya kwanza

Nati zikazwe kwa spana ya torki, kwa mpangilio wa nyota; Toyota ndogo nyingi ni newtoni-mita 103. Kama fundi hana spana hiyo, tumia wili spana ya gari na nguvu ya mkono, bila kusimama juu yake na bila bomba la kurefushia. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Rimu mpya hujikalia, na nati iliyokuwa imekaza Jumatatu inaweza kuwa imelegea Alhamisi.

Fanya alaimenti baada ya siku tatu nne za kutembea. Pima upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, ukianzia na kiasi cha karatasi ya mlangoni. Mpiga upepo atakujazia 40 kwa mazoea. Mwambie wewe namba, na usimame hapo akijaza.

Zile rimu za zamani usiziuze bado. Ziweke stoo pamoja na nati zake kwenye mfuko uliofungwa, hadi mvua za masika zipite na uwe umesafiri na gari likiwa limejaa walau mara moja. Ukirudi, piga magoti, washa tochi ya simu, na upitishe kiganja ndani ya fenda zote nne.